Jiwe la Langoni

Paukwa! Pakawa! Sogeeni hapa barazani, wajukuu zangu. Kisa cha leo si cha sungura na fisi. Ni cha kweli, na pahali kilipotukia ni pale Fort Jesus, Ngome ya Yesu, hapa hapa Mombasa. Kutoka hapa Kuze mwafika kwa miguu kabla kahawa yangu haijapoa.

Mwaka 1614, mfalme wa Mombasa alikuwa Sultani Hasan bin Ahmad. Aligombana na kapteni Mreno wa ngome, akakimbilia bara, na huko akauawa kwa hila za Wareno. Kichwa chake kikapelekwa Goa, Uhindi. Aliacha mtoto wa miaka kama saba, jina lake Yusuf. Naye alipelekwa Goa. Watawa wa Mtakatifu Augustino wakamlea, wakamsomesha, wakambatiza: Dom Jerónimo Chingulia. Mwaka 1626 alirudi kukalia kiti cha babake, chini ya macho ya Wareno wale wale.

Yasemekana alionekana akiomba dua ya Kiislamu kwenye kaburi la babake, na habari zikamfikia kapteni wa wakati huo, Pedro Leitão de Gamboa. Yusuf hakungoja kukamatwa. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni. Akarudi kwenye Uislamu na jina lake la utotoni. Kisha mauaji yakaenea mjini: Wareno, Waafrika waliobatizwa, mapadri, wanawake na watoto.

Najua mmoja wenu ataniuliza: "Babu, si walimuulia babake?" Naam, walimuulia, na dhuluma ile ilikuwa kubwa. Lakini hesabuni pamoja nami. Toka 1614 hadi 1631 ni miaka kumi na saba. Kapteni aliyeuawa siye yule aliyegombana na Sultani Hasan. Na wale watoto, wengine walikuwa hata hawajazaliwa. Kisasi hakiulizi nani alitenda. Chauliza nani yuko karibu.

Wareno nao? Mwaka 1632 walileta merikebu kuizingira ngome, wakashindwa. Yusuf akaondoka na merikebu aliyoiteka, akaishi baharini hadi kufa kwake mwaka 1638. Wareno walipoishika ngome tena, hawakuwa na Yusuf wa kumpeleka mbele ya hakimu. Basi wakawageukia wengine. Kapteni wao Francisco de Seixas de Cabreira akaweka jiwe juu ya lango, lenye kujisifu: jinsi alivyoiadhibu miji ya Pate na Siyu hadi kubomoa kuta zake, na jinsi alivyowaua wakuu wa Pemba. Jiwe hilo liko hadi leo. Na neno walilolitumia ni "adhabu", si "kisasi".

Hapo ndipo penye fundisho. Mwenye kisasi hukiita haki kila mara. Wakristo wana mizani yao ya kupimia. Ile sheria ya kale ya jicho kwa jicho iliwekwa iwe mpaka: ukitolewa jicho moja, usitoe mawili. Paulo aliwaandikia Warumi kwamba kisasi ni cha Mungu, si cha mtu. Kisha, katika barua hiyo hiyo, akasema mtawala amepewa upanga kumwadhibu mtenda maovu. Maana yake, adhabu ya haki humshika aliyetenda, huwa na kipimo, na haitolewi na mwenye hasira zake. Naye Yesu mwenyewe, usiku wa kukamatwa, alimwambia Petro aurudishe upanga. Petro alipomuuliza asamehe mara ngapi, jibu lilipita hesabu ya vidole: sabini mara saba.

Je, kusamehe ni kufungua milango ya jela? La. Mwaka 1981 Mehmet Ali Ağca alimpiga risasi Papa Yohane Paulo wa Pili mjini Roma. Papa alimsamehe, na mwaka 1983 akamfuata gerezani, wakaketi wawili wakazungumza. Ağca aliendelea kufungwa Italia hadi mwaka 2000, alipopewa msamaha wa serikali. Msamaha wa moyo ulitangulia. Adhabu ikaenda kwa mwendo wake. Havikugombana.

Basi kesho mkicheza mpira, na mwenzenu akikuchezeeni rafu, mwiteni refa. Msimvizie ndugu yake mdogo kichochoroni. Na siku mtakapopita lango la ngome, inueni macho mlitazame lile jiwe: ngome imepewa jina la Yesu, na juu ya mlango wake pameandikwa sifa za kisasi. Msiwe kama jiwe hilo.