Kina cha Tanga, Sifa ya Shimoni

Moshi ni mji wa samaki wa maji baridi. Mama wa Shirimatunda anayetafuta kitoweo cha jioni hukutana na dagaa na sato wa Ziwa Victoria, au perege wa Nyumba ya Mungu, kabla hajamwona samaki wa bahari. Na samaki wa bahari akipatikana, huuzwa kwa jina la alikotoka: huyu wa Tanga, huyu wa Dar es Salaam. Jina limegeuka kuwa hukumu. Husemwa kwamba Mafia kuna samaki, Malindi kuna samaki wakubwa, na Tanga kumekwisha, kumemalizwa na baruti. Hukumu hiyo juu ya Tanga si ya haki, na sisi tunaoishi kwenye njia ya Tanga tunailipia. Mbele ya mkoa huo ipo mojawapo ya bahari bora za uvuvi wa kina kirefu Afrika Mashariki. Kinachokosekana ni uwezo wa wavuvi wake kuifikia.

Kulinganisha pwani kwa haki kunaanzia kwenye sakafu ya bahari, kabla ya kuhesabu ndoo zinazoshushwa ufukweni. Pwani ya Tanzania Bara ina urefu wa kilomita 1,424, na kwa sehemu kubwa ukanda wa maji ya kina kifupi una upana wa kilomita chache tu, kisha sakafu inaporomoka. Ukanda huo hutanuka kati ya bara na visiwa vya Unguja na Mafia, ambako kina ni cha makumi ya mita tu. Huko ndiko kwenye kitoweo cha kila siku. Mto Rufiji humwaga tope lenye rutuba mkabala na Mafia, delta yake ina msitu mkubwa wa mikoko usio na mfano Afrika Mashariki, na kamba hukulia humo. Ushahidi ninaouamini kuliko bei za mnada ni papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye hula viumbe vidogo vinavyoelea majini. Kuanzia karibu Oktoba hadi Machi hukusanyika mbele ya Kilindoni, na jitu lenye mwili ule haliwezi kukaa miezi yote hiyo penye maji matupu. Katika mlango-bahari wa Unguja nako dagaa huvuliwa usiku kwa taa na ringineti, hukaushwa, na wengine husafirishwa hadi Kongo. Anayesifu Mafia na Unguja anasema kweli, mradi aeleweke kwamba anazungumzia kamba, dagaa na samaki wa miamba.

Malindi ya Kenya ni habari nyingine, na sifa yake ina msingi. Maji yanayopita mbele ya pwani yetu huletwa na mkondo unaotoka upande wa Mtwara kwenda kaskazini mwaka mzima. Ni maji ya vuguvugu na maangavu, yanayompendeza mtalii, lakini rutuba yake ni ndogo. Msimu wa kaskazi ukifika, mkondo wa Somalia hugeuka na kuteremka kusini, ukakutana na huu wetu kwenye bahari ya Kenya ya kaskazini. Mikondo yote miwili hugeukia mashariki, na maji baridi yenye rutuba hupanda kutoka chini. Huko, kuelekea Lamu, ukanda wa kina kifupi nao ni mpana, na mito ya Sabaki na Tana huongeza chakula cha samaki. Tanzania haina mahali penye vitu hivyo vyote kwa pamoja, na hatupungukiwi kitu kukubali hivyo.

Lakini Shimoni, ambayo nayo husifiwa kwa samaki wakubwa, haimo katika neema hiyo. Iko kusini kabisa mwa Kenya, mbali na mahali mikondo inapokutana, na bado wavuvi wa mchezo kutoka Ulaya na Marekani wameifuata kwa miongo mingi kutafuta sulisuli na jodari. Wanachofuata ni kina. Mlango-bahari wa Pemba hushuka mamia ya mita, tofauti kabisa na ule wa Unguja, na mkondo wa kaskazini hubanwa kati ya kisiwa na bara hadi ukaenda kasi. Katika maji yenye rutuba ndogo, samaki wadogo hujikusanya pale mkondo unapogonga ukingo wa mwamba, na nguru, kolekole, jodari na sulisuli huja nyuma yao. Sasa fungua ramani. Shimoni iko kaskazini kidogo ya ncha ya Pemba. Tanga inakitazama kisiwa usoni, na Pangani iko mkabala na ncha yake ya kusini. Kama mlango-bahari huo ndio uliojenga jina la Shimoni, basi sehemu yake kubwa iko upande wa Tanzania, na mpaka unaoingia baharini kutokea Jasini haubadilishi kina wala mkondo.

Upo ushahidi mwingine, tena wa ajabu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa mkoa wa Tanga, hasa maeneo ya Kigombe na Mwarongo, wamenasa makumi ya silikanti, samaki wa kale ambaye wanasayansi walidhani ametoweka duniani hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Kwa kawaida silikanti hukaa kwenye mapango ya kina cha mita 100 na zaidi. Hapo hawakugunduliwa kwanza na meli ya utafiti. Waliingia kwenye majarife ya wavuvi wadogo, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yao. Basi kina kirefu kiko karibu na ufukwe wa Tanga, katika umbali ambao boti ndogo huufikia.

Mtu anaweza kupinga kwamba sifa ya Shimoni ni ya mchezo wa matajiri, na kwamba samaki anayepigwa picha kisha akaachiwa hamshibishi mtu. Ni kweli. Hata hivyo mvuvi wa mchezo hulipia boti kwa siku, na hana subira na bahari tupu. Kurudi kwake mwaka baada ya mwaka ni kipimo cha samaki waliopo, na nguru na jodari anaowafuata ndio haohao wanaopikwa kwa nazi Tanga mjini.

Pingamizi zito zaidi ni baruti. Kwa miaka mingi Tanga ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumizwa vibaya na uvuvi wa mabomu, hadi operesheni za miaka ya karibuni zilipopunguza milipuko. Mwamba uliovunjwa hauponi kwa mwaka mmoja wala mitano. Changu na chewa wamepungua, na hilo ni jeraha ambalo sitaki kulifunika. Ila baruti hulipuliwa penye miamba na maji ya kina kifupi, na jodari hafanyi makazi hapo. Ninavyoliona mimi, balaa lile lilitokana na watu kubanwa katika ukanda mwembamba, wakagombania kidogo kilichomo hadi wakakivunja, huku maji ya kina yakianza maili chache mbele yao. Mwenye ngalawa ya tanga na mshipi mmoja hawezi kuyafuata maji hayo wakati wa kusi.

Itasemwa pia kwamba jodari ni wa bahari nzima, na meli za kigeni humwahi kabla hajatufikia. Mwaka 2015 Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao Shelisheli, ilipata kwamba jodari wa mapezi ya njano amevuliwa kupita kiasi, ingawa tathmini ya 2024 ilileta matumaini. Hasara hiyo inazipata pwani zote, haiishushi Tanga chini ya Shimoni. Na Watanzania hatujasahau meli ya Tawariq 1, iliyokamatwa mwaka 2009 kwa tuhuma za uvuvi haramu katika bahari yetu, ikiwa na shehena iliyokuja kuitwa samaki wa Magufuli, kwa jina la waziri wa uvuvi wa wakati huo. Hakuna anayevuka bahari kuja kuiba mahali pasipo na kitu.

Bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, iliyowekewa jiwe la msingi na Rais Samia Suluhu Hassan Septemba 2023, ni hatua kubwa kwa kusini. Tanga haihitaji kitu cha ukubwa huo ili ianze. Inahitaji boti zenye injini na masanduku ya barafu, maboya ya kuvutia samaki yaliyotiwa nanga penye kina, redio za kuomba msaada, na mtambo wa barafu usiozimika mnada unapokuwa umejaa. Wanaopanga bajeti ya uvuvi waiangalie Tanga upya kwa kipimo cha kina chake. Soko lipo huku juu: kutoka Tanga hadi Moshi ni kilomita 350 hivi za lami, na sato wa Mwanza husafiri zaidi ya mara mbili ya umbali huo, wakafika.