Faida Yangu, Hasara ya Serikali

Wapo wabadilishaji fedha wa Busia wenye desturi ninayoihofia. Shilingi ya Uganda waliyoinunua ikipanda, husema, “Nilipiga hesabu.” Ikishuka, huitwika serikali lawama. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Ellen Langer wa Marekani alionyesha kwamba binadamu hudhani anaitawala hata bahati nasibu. Hatari ni kwamba aliyefaulu kwa bahati huongeza mtaji, hata karo ya watoto, naye aliyeshindwa kwa uzembe hajifunzi lolote. Naam, yapo yasiyozuilika: madereva waliokwama Malaba mwaka 2020 wakingojea vipimo vya korona hawakuwa na kosa. Lakini tuihoji faida kama tuihojivyo hasara: ni akili yangu, au ni upepo tu? Ajiulizaye hivyo hafilisiki upesi.