Daraja la Rufiji na Mali ya Kusini

Hapana mtu asiyefurahi aonapo barabara mpya ikipita karibu na mji wake. Wapimaji wakija na vigingi vyao, watu husema, "Sasa utajiri umefika." Walakini njia ni kama mfereji: kama juu hapana maji, chini hapafiki kitu, na kama mfereji umeziba, maji yaliyo juu hayamfai mtu. Twataka kulieleza neno hili kwa habari za Lindi na Mtwara, maana nchi hizo zilipata njia kubwa mbili. Moja ilikufa, na ya pili ingali hai.

Iliyokufa ni reli. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mashamba makubwa ya karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, ili watu wake wapate mafuta ya kula baada ya vita. Kwa ajili ya Nachingwea ikajengwa reli, na huko Mtwara bandari ya kina kirefu. Lakini karanga hazikupatikana kama walivyotumaini, na mwaka 1951 kazi ile ikaachwa, zikiwa zimepotea paundi milioni 36 hivi. Reli ikakosa mzigo wa kutosha. Mwaka 1962 ikafungwa, na baadaye vyuma vyake viking'olewa. Ilitengenezwa kwa ajili ya zao moja la mwenye mali mmoja, na zao lilipokosekana hapakuwa na wa kuilisha. Bandari haikufa, kwa kuwa wakulima wadogo walikuwa na korosho zao za kupakia.

Njia ya pili ni barabara itokayo Dar es Salaam. Zamani Mto Rufiji ulikuwa kama mlango uliofungwa. Magari yalivuka kwa pantoni, na maji yalipojaa safari ilisimama. Wakati wa masika malori yalikwama matopeni. Mgonjwa aliyehitaji hospitali kubwa alingoja pamoja na mizigo. Mwaka 2003 likafunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970. Hata hivyo kipande cha kutoka Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 hivi, kilikawia miaka mingi kutiwa lami, na magari yaliyovuka daraja kwa raha yalikwama mbele yake. Ndipo tujue ya kuwa njia hupimwa kwa kipande chake kibovu.

Je, njia njema yaongezaje mali? Tufanye hesabu, kwa mfano tu. Gunia lauzwa mjini shilingi 60,000, na kulifikisha huko ni shilingi 30,000, kwa sababu ya kukwama na kuvunjika kwa magari. Mnunuzi hawezi kumpa mkulima hata hizo 30,000 zilizobaki, maana naye ataka faida yake. Sasa njia imetengenezwa, na gharama imeshuka kuwa shilingi 12,000. Shilingi 18,000 zimeokoka. Nani atakayezipata?

Hapo ndipo penye shabaha ya maneno yetu. Barabara haimchagui apitaye. Humpitisha mfanyabiashara mwema, humpitisha na mlaghai. Wako wanaonunua korosho kwa kangomba, kwa kipimo kisicho halali na bei ya chini, hasa kwa mtu mwenye shida ya fedha kabla ya mavuno. Tangu mwaka 2007 iko njia ya stakabadhi ghalani: wakulima hupeleka korosho kwa chama chao, zikapimwa, zikawekwa ghalani, kisha wanunuzi wakashindana bei. Lakini stakabadhi haimfai asiyejua kuisoma. Kwa hiyo, enyi walimu, wafundisheni watoto mizani na hesabu za gharama kwa mifano ya mazao ya nyumbani kwao. Na wenye nyumba, mume na mke washauriane kabla ya kuuza, wasiuze mavuno yangali juu ya mti.

Jambo la mwisho ni kuitunza njia. Mwezi wa Mei 2024, baada ya mvua kubwa na kimbunga Hidaya, maji yalikata barabara mahali pengi karibu na Somanga, na Lindi na Mtwara zikatengwa na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Nguvu za mafuriko si kazi ya mwanakijiji kuzizuia. Hiyo ni kazi ya serikali na mafundi wake. Lakini mtaro uliojaa takataka, na shamba lililolimwa hata ukingoni mwa barabara, ni kazi ya mikono yetu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Basi, njia ikifika kwenu, ifurahieni, lakini msikae kando yake mkingoja utajiri ushuke garini. Ulizeni: tuna nini cha kupakia, nani atapima, na nani atafagia mtaro?