Bima Mpya na Ugonjwa wa Siku Nyingi

Ndugu mkulima wa Nchiru, bima ya NHIF ilikwisha, na tangu tarehe 1 Oktoba, 2024 mahali pake pana SHA. Kujiandikisha ni bure, nawe utatibiwa katika zahanati. Lakini mwenye kisukari akilazwa hospitali, au mgonjwa wa figo akienda kusafishwa damu, sharti nyumba yake iwe imelipa. Asiye na mshahara hulipa ya mwaka mzima, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Ugonjwa haungoji mavuno. Basi ukiuza maharagwe au miraa, weka kando kwanza fedha za bima, ndipo ununue mabati. Usipoweza kulipa kwa mara moja, uliza habari za Lipa SHA Pole Pole.