Kisu cha Kukunja: Namna ya Kukichagua kwa Fedha Chache

Wahenga walisema kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Neno lao ni la kweli. Ila hawakusema kwamba kisu kikali ni lazima kiwe cha ghali.

Kijana mmoja wa jirani yetu alinunua kisu cha kukunja kwa akiba yake ndogo. Akakichagua kilichong'aa kuliko vyote, chenye picha ya tai na vyombo kumi ndani ya mpini mmoja. Hata juma halijaisha, alipokuwa akikata kamba ya mzigo, kisu kilijikunja chenyewe kikamkata vidole viwili. Fedha zilizotoka kwa ajili ya kushonwa jeraha lile zilizidi bei ya kisu kizuri. Baba yake akatuuliza, "Basi mtu mwenye fedha chache afanye nini?" Swali hilo ndilo lililotutia kuandika maneno haya.

Jambo la kwanza la kutazama ni kile kizuiacho ubapa usijikunje. Baadhi ya visu huwa na kamani tu, ambayo hushikilia ubapa bila ya kuufunga. Hivyo vyafaa kwa kumenya machungwa na kuchonga kalamu, si kwa kazi ya nguvu. Vingine vina pete au komeo la kufungia. Kabla hujalipa, kifungue kisu, uweke vidole vyako mbali na makali, kisha ugonge mgongo wa ubapa polepole juu ya meza. Kikilegea, mrudishie mwenyewe.

La pili ni maungio. Ushike ubapa uliofunguliwa na uutikise kushoto na kulia: usicheze. Ukikunjwa, uingie katikati ya mpini bila ya kugusa ubavu wowote. Ribiti iliyolegea leo haitakaza kesho.

La tatu ni chuma chenyewe. Neno "hakishiki kutu" lililoandikwa juu ya ubapa halitoshi, kwani vyuma visivyoshika kutu ni vya namna nyingi, na vingine ni laini hata makali hayakai siku mbili. Afadhali mtengenezaji anayetaja jina la chuma chake. Pua yenye kaboni nyingi hunoleka upesi na huwa kali sana, lakini huingia madoa kwa ndimu na embe, na hushika kutu isipopanguswa. Kwa sisi tukaao karibu na bahari, penye upepo wa chumvi, pua isiyoshika kutu hutupunguzia taabu.

Msomaji atauliza: je, sifa hizi zapatikana kwa bei ndogo? Naam, zapatikana, iwapo mtu ataacha mapambo. Mfano mzuri ni kisu cha Opinel, kilichoanza kutengenezwa na Joseph Opinel mwaka 1890 huko Savoie, katika milima ya Ufaransa. Kina ubapa mmoja na mpini wa mti. Mwaka 1955 kikaongezewa pete ya chuma shingoni. Ukiizungusha, ubapa hufungwa usiweze kukunjika. Namba 8, yenye ubapa wa sentimita 8.5, hutosha kwa kazi nyingi za nyumbani. Chapatikana kwa pua ya kaboni na kwa pua isiyoshika kutu. Aibu yake ni kwamba mti ukilowa huvimba, na kisu huwa kigumu kufunguka. Kwa hiyo kisitumbukizwe majini. Kisu hiki si cha anasa, bali ni cha kazi, na hapo ndipo ilipo siri ya bei yake: fedha zimetiwa katika chuma, si katika urembo.

Tena, usizimalize fedha zote kwa kisu. Weka kiasi cha kununulia kinoo, kwa sababu kisu bora kisichonolewa hushindwa na kisu duni kinolewacho. Ili kujua namna ya kukilaza kisu juu ya kinoo, twaa karatasi yenye pembe mraba, uikunje pembe hiyo nusu, kisha nusu tena; upatao ndio mwinamo wa kufuata, pande zote mbili sawasawa. Ukimaliza, kipanguse, na utie tone la mafuta penye ribiti.

Kwa kuchinja, tunashauri kitumike kisu kisichokunjwa, kirefu cha kutosha na kikali, kwani damu huganda ndani ya maungio. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kunoa kisu na kumpumzisha mnyama, kisu butu ni dhuluma kwa kiumbe asiyeweza kusema.

Mwisho, wazazi wawafundishe vijana adabu ya chombo hiki. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza watu kupeana upanga uliofutwa alani mwake. Basi na kisu cha kukunja kikunjwe kwanza, ndipo apewe mwenzako. Yule kijana wa jirani yetu sasa anacho kingine, cha mpini wa mti, kisicho na tai wala mkasi. Kila anapompa mdogo wake, kwanza hukikunja.