Andaa marando nyumbani kabla ya mvua za Novemba

MVUA za kwanza zinapoanguka Shinyanga na Geita, mkulima wa viazi vitamu huwa na jembe, shamba na nguvu za kulima. Asichokuwa nacho mara nyingi ni marando. Ya msimu uliopita yamekauka au yameliwa na mifugo, hivyo hulazimika kungoja viazi vilivyosahaulika ardhini vichipue vyenyewe. Hadi vitoe marando ya kutosha kukata, Januari imefika.

Hasara yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Aliyepanda Novemba aina inayokomaa mapema huanza kuchimba Februari au Machi, wakati akiba ya chakula imepungua na mahindi hayajakomaa. Wakati huo kiazi hakikosi mnunuzi, hasa kwenye machimbo ya Nyarugusu na Rwamgasa na katika miji ya Geita na Kahama, ambako watu wengi hununua chakula kila siku. Aliyechelewa huvuna pamoja na wenzake wote, bei ikiwa imeshuka, na kinachobaki ni kukatakata michembe. Michembe ni akiba nzuri ya kiangazi, lakini haimpi mtu fedha ya Machi.

Dawa ya tatizo hili ni kitalu kidogo nyumbani, na hakihitaji gharama kubwa.

Mizizi ya rando hutokea kwenye vifundo, pale jani linaposhikana na shina. Kwa kitalu, kipande chenye vifundo vitatu kinatosha, viwili vikiwa ndani ya udongo. Kata kutoka sehemu ya ncha ya mmea wenye umri wa miezi miwili hadi mitatu. Sehemu ya chini, karibu na shina, huchelewa kushika, na huko ndiko fukuzi hupenda kutaga mayai.

Marando huota kwa urahisi, na urahisi huo ndio huwaponza wengi: hukata chochote kinachoonekana kibichi. Mmea wenye majani madogo, yaliyojikunja au yenye rangi ya njano iliyofifia huenda una virusi, vinavyosambazwa na inzi weupe na vidukari. Kila kipande utakachokata hapo kinabeba ugonjwa, na hakuna dawa ya kuutibu. Ung'oe mapema.

Tuta la kitalu liwe na upana wa mita 1 ili lipaliliwe bila kukanyagwa, na lichanganywe samadi iliyooza vizuri. Panda kwa nafasi ya sentimita 20 kwa 10; mita 1 ya mraba itachukua vipande 50. Weka kivuli chepesi cha nyasi kwa siku za mwanzo, kisha kiondoe mimea ikishashika. Udongo uwe na unyevu bila kutuama maji. Baada ya wiki sita hadi nane unaweza kukata. Kwa wanaoishi jirani na wachimbaji wadogo, maji ya madimbwi ya kuoshea dhahabu yasitumike kabisa, kwa sababu yanaweza kuwa na zebaki.

Kwa asiye na maji ya kumwagilia kiangazi chote, ipo njia ya mchanga, iliyofanyiwa majaribio Uganda na Tanzania. Wakati wa kuvuna, teua viazi vidogo visivyo na matundu ya fukuzi wala michubuko, kutoka kwenye mimea yenye afya. Chukua beseni au chombo kingine, tandaza mchanga mkavu uliopoa, panga viazi bila kugusana, funika kwa mchanga, kisha panga safu nyingine. Chombo kikae ndani ya nyumba. Kagua baada ya mwezi mmoja na utoe vilivyooza.

Wiki sita hadi nane kabla ya mvua, yaani Septemba kwa maeneo haya, vihamishie bustanini vikiwa vimechipua. Acha nafasi ya nusu mita kati yake na mwagilia kila baada ya siku tatu au nne. Kiazi kimoja huweza kutoa vipande 40 hivi. Viazi 40 ni vipande 1,600, vinavyotosha karibu robo moja ya nusu ekari, kwa matuta yaliyoachana mita 1 na vipande vilivyoachana sentimita 30. Ekari nzima huhitaji vipande zaidi ya 13,000, kwa hiyo hesabu ifanyike mapema.

Adui mkubwa wa Septemba ni mbuzi na ng'ombe wanaochungwa huria baada ya mavuno. Bustani bila uzio ni kuwalishia majirani mifugo yao. Uzio wa minyaa, ambao wakazi wa Usukumani wanaujua tangu zamani, nao huanzishwa kwa vipande. Tofauti ni kwamba kipande cha minyaa huachwa siku kadhaa kidonda kikauke kabla ya kupandwa. Jihadhari na utomvu wake, ni hatari kwa macho.

Marando yenyewe, yakishakatwa kwa urefu wa sentimita 30 kwa ajili ya shamba, yanaweza kukaa kivulini siku moja au mbili yakiwa yamefungwa kwenye gunia lenye unyevu, hadi vifundo vianze kutoa mizizi. Jua la barabarani juu ya baiskeli huyaua kabla hayajafika shambani.

Upo pia upande wa biashara. Kati ya 2009 na 2012, mradi wa Marando Bora wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi, CIP, uliwatumia wakulima wa Kanda ya Ziwa kuzalisha marando safi vijijini, na wakulima wenzao wakayapata kwa vocha. Wazo hilo halihitaji mradi ili liendelee. Mwenye kisima au bustani bondeni anaweza kupata marando ya kuanzia kutoka kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kilichopo Misungwi, ambacho sasa kiko chini ya TARI, akayazalisha kiangazi na kuyauza Novemba. Ayafunge kwa mafungu yenye idadi inayojulikana, kila aina peke yake, na akate siku ile ile mnunuzi anapokuja kuchukua.