Wafasiri Waliopenya kwa Maneno ya Wanaume

Katika Uingereza ya karne ya 16, mwanamke aliyechapisha mawazo yake mwenyewe alijitafutia maneno ya watu. Kutafsiri kulivumilika, hasa kama kitabu chenyewe kilihusu dini: mawazo ni ya mwanamume, yeye kayavusha tu. Kwa upenyo huo zikapita kazi nzito kweli kweli.

Margaret Roper, binti wa Thomas More, alitafsiri kwa Kiingereza ufafanuzi wa Erasmus juu ya sala ya Baba Yetu. Kitabu hakikumtaja jina. Wasomaji waliarifiwa tu kwamba mfasiri ni mwanamke kijana, mwema na msomi, wa miaka 19. Mwaka 1526 mpiga chapa wake aliitwa na wakuu wa kanisa ajieleze kwa nini hakuomba kibali.

Kazi ya Anne Bacon iligusa dola lenyewe. Kanisa la Uingereza lilikuwa limeachana na Roma, na mwaka 1562 Askofu John Jewel aliandika utetezi wake kwa Kilatini. Utetezi gani huo ambao muumini wa kawaida hawezi kuusoma? Anne, ambaye baba yake alihakikisha yeye na dada zake wanakimudu Kilatini na Kigiriki, aliutafsiri kwa Kiingereza kinachosomeka, akaupeleka kwa Jewel na kwa Askofu Mkuu Matthew Parker waukague. Hawakuona la kubadilisha. Mwaka 1564 Parker akauchapisha, na katika utangulizi akatamka wazi kwamba hakumwomba Anne ruhusa. Pengine walipanga iwe hivyo: asiyeulizwa hawezi kulaumiwa kwa kujitangaza.

Margaret Tyler hakutafuta kinga ya namna hiyo. Alikuwa amewahi kuwatumikia wazazi wa Lord Thomas Howard, na kitabu alichokitoa mwaka 1578, kutoka Kihispania, hakikuwa cha sala. Kilikuwa hadithi ndefu ya mashujaa wapanda farasi, mapigano na mapenzi.

Alijua atasemwa, akawawahi. Katika dibaji alihoji hivi: wanaume huwatabarukia wanawake vitabu vyao, basi wanawake wana haki ya kuvisoma, na wakishavisoma, kwa nini wasitafsiri, au hata kutunga? Tabaruku yake kwa Lord Thomas aliitia sahihi kwa jina lake kamili.

Kitabu kikapata wasomaji, kikachapishwa tena. Sehemu ya pili ya hadithi ilipotoka mwaka 1583, mfasiri wake mpya alijitambulisha kwa herufi mbili tu: R.P.